Jaza Hadi Mstarini

Mume wangu wanamwita Mizani, na si kwa sababu ya kilo zake. Ni mtu wa kupima. Chai yake ina vijiko viwili vya sukari vilivyosawazishwa kwa kidole, na ukimtilia kwa kukadiria atakunywa huku amekukunjia uso. Ana miaka kumi na tisa ya kutunza kitalu katika kituo cha utafiti wa mimea, na mimi nafagia maabara hapohapo, kwa hiyo ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Naona haya kuyasimulia, lakini mwenyewe amesema niseme.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja binti mmoja mtafiti, anayesomea shahada ya pili. Alikuwa akichunguza mimea ya vinamasi vya pwani, ile mifupi yenye vishina vinene vilivyojaa maji, inayoota pale maji ya chumvi yanapopanda na kushuka. Alitaka kujua jambo moja: mmea huo ukizidiwa na chumvi, jua linausaidia au linauongezea mateso? Akapanga trei ishirini na nne, nusu juani, nusu chini ya neti nyeusi ya kivuli. Kila upande ulikuwa na trei za chumvi kidogo, za chumvi ya wastani na za chumvi nyingi. Pembeni yakasimama mapipa matatu ya maji ya chumvi aliyoyachanganya mwenyewe, moja kwa kila kiwango, akayajazia trei hadi mstari aliouchora ndani yake, na ukutani akabandika karatasi: "Maji yakipungua, jaza hadi mstarini kwa maji ya bomba."

Mizani aliisoma mara mbili, akanivuta kando.

"Huyu binti kakosea kuandika," akaninong'oneza. "Nikitia maji ya bomba si nitaizimua chumvi yake? Kazi yote itaharibika."

"Si umuulize?"

"Nimwaibishe mtoto wa watu, hata wiki hajamaliza? Nitamrekebishia kimyakimya."

Basi akamrekebishia. Kila asubuhi, kwa wiki kumi na mbili, alichota maji ya chumvi kwenye pipa linalohusika, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, akajaza bila kuzidisha tone. Trei za juani zilikuwa zikikauka haraka, akazijaza sana. Za kivulini alizitilia kidogo tu. Mimi nilimtazama nikiwa na fagio langu, nikajisifu moyoni kwamba nimeolewa na mtu makini.

Mimea ya kivulini ikanawiri. Ya juani, hasa ile ya chumvi nyingi, ikageuka nyekundu, ikadumaa, kisha ikaanza kukauka kuanzia nchani. Binti alikuwa hakai kitini kwa furaha. Walimu wake walitarajia kinyume, kwamba jua lingeupa mmea nguvu ya kuihimili chumvi, na sasa yeye ndiye mwenye jambo jipya la kuwaonyesha. Ijumaa angesimama mbele yao, na kazi hiyo ndiyo ingekuwa shahada yake. Kipima chumvi kilikuwa kimoja kituo kizima, tena cha kuazimana, akakitumia kupimia mapipa tu. Trei alikuwa amemwachia mtu anayemwamini.

Jumapili iliyoitangulia Ijumaa hiyo, mchuzi wangu ulikaukia jikoni nikiwa nje naanua nguo. Nikaonja, chumvi imekuwa kali. Nikamimina kikombe cha maji. Mizani alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbona hutii na chumvi?" akauliza.

"Ya nini? Ile ya kwanza imekwenda wapi? Kilichokauka ni maji, bwana wee."

Nilicheka, nikadhani naye angecheka. Akavuta kigoda, akaketi, akaniuliza swali lilelile tena, polepole, kana kwamba aliomba nimpe jibu jingine. Mchuzi ule hakuugusa.

Jumatatu asubuhi alikwangua kingo za trei za juani kwa ukucha. Ukoko mweupe. Akaulamba, akatema, akaja kunitafuta maabara.

"Jua halikuiua ile mimea," akasema. "Nimeiua mimi."

"Nenda kamwambie."

"Kesho."

Kesho ikawa Jumanne, na Jumanne ikapita. Jumatano yule binti akatukusanya wafanyakazi wote mbele ya kitalu, akamshika Mizani mkono.

"Bila baba huyu nisingefika hapa," akasema. "Hakukosa hata asubuhi moja."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Nami nilijua, kwa kuwa aliniambia, na nikaliegemeza fagio ukutani ili nipige makofi vizuri. Mpaka leo nikikumbuka mikono yangu ile, uso unaniwaka.

Alhamisi akaenda. Nilimfuata kwa nyuma maana nilihofu angegeuza njia. Alisimama mbele ya meza ya yule binti, kofia mkononi, akasema yote, tangu karatasi hadi mchuzi. Yule binti aliinuka. Alichukua kipima chumvi, akakichovya kwenye trei za kivulini, halafu kwenye za juani. Chumvi ya kila trei ya juani ilikuwa imezidi ya pipa lake mara mbili na zaidi. Hata zile trei za juani zilizoitwa za chumvi kidogo zilikuwa zimezipita za wastani za kivulini. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Umejua lini, baba?"

"Jumapili."

"Na jana, nilipokuwa nakusifu?"

"Nilikuwa najua."

Hakupaza sauti. Aliwapigia walimu wake simu palepale, akawaambia Ijumaa hatakuja, kazi imeharibika, anaanza upya, na kwamba kosa ni lake kwa sababu hakuzipima trei. Angetutukana, sote wawili tungepata pa kupumulia.

Jumatatu iliyofuata trei zilikuwa zimeoshwa, miche mipya imepandwa, na ukutani kuna karatasi mpya yenye maneno yaleyale. Mizani aliisoma, akavua kofia.

"Mwanangu," akamwuliza, "kwa nini maji ya bomba?"

"Maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Ukijazia ya chumvi tena, inazidi kujilimbikiza."

Jibu halikuchukua hata muda wa kufunga kamba za viatu. Binti akaitazama karatasi yake.

"Sikuandika sababu," akasema, "kwa kuwa nilidhani unajua."

"Na mimi," mume wangu akasema, "nilidhani wewe hujui."

Akaokota ndoo, akaenda bombani.