Doof, Neno Alilolisema Aaltje

Aaltje Huizinga alitoka Uholanzi akimfuata mumewe, Wubbe, aliyepata kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe huko Gelsenkirchen, Ujerumani. Kijerumani chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Binti yao, Fenna, alipofikia umri wa shule, walikwishajua hasikii. Ukigonga sufuria nyuma yake, hageuki.

Siku ya kumwandikisha, mwalimu mkuu alimwita mtoto, akamwita tena. Kimya.

"Ana nini huyu?"

"Ni doof," Aaltje akajibu. Kwao doof ni kiziwi, basi.

Mwalimu akamkazia macho. "Mama mzazi unasema hivyo?"

"Nifiche nini, bwana? Ndivyo alivyozaliwa. Mtafutieni shule ya wenzake."

Wakuu wa shule wakampeleka kwenye nyumba kubwa mashambani, wakisema ni ya watoto kama yeye. Kila Krismasi na Pasaka Aaltje alipanda treni kwenda kumwona, akamkuta anamenya viazi, anayumbayumba mwili, macho yakiwa mbali.

"Masomo ameanza?"

"Hapa hatumlazimishi mtu, mama," muuguzi alimwambia. "Anakula vizuri."

Miaka ikapita hivyo. Asubuhi moja, Aaltje na jirani yake, Bi Kowalke, walikuwa wanaanika nguo.

"Mume wangu doof kweli," Bi Kowalke akasema. "Kanunua viatu, vyote vya mguu wa kushoto."

"Pole. Kumbe hasikii?"

Jirani akacheka. "Anasikia kuliko paka. Doof ni punguani, mwenzangu." Akaendelea kubana nguo. "Ila bibi yangu kule kaskazini alimwita hivyo kiziwi. Neno ni lilelile. Watu walimwona asiyesikia wakadhani haelewi, likageuka tusi."

Shuka lilimponyoka Aaltje likaanguka matopeni.

Jioni Wubbe alijaribu kumtuliza. "Hukujua, mke wangu."

"Mimi ndiye niliyemwita punguani, Wubbe. Waliniamini kwa kuwa mimi ni mamake, wakamweka na punguani."

Walihangaika mpaka Fenna akahamishiwa shule ya viziwi. Alikuwa amekwisha kuwa mwali. Walimu walisema amechelewa, lakini mikono yake ilishika ishara za mkate, maji, na majina ya wenzake.

Likizo alikuja nyumbani. Aaltje alimpikia uji wa maziwa, akamchana nywele. Fenna alikula akamaliza, akavaa koti lake, akakaa karibu na mlango akingoja kurudishwa.