Kiti cha Pili Kilikuwa na Maji

Gari langu lilikuwa na tabia mbili zilizonikosesha abiria niliyemtaka kuliko wote: lilivuma, na lilivuja. Likifika spidi sitini lilianza kuimba kwa nyuma, sauti nene kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha pili. Nikiachia mafuta ghafla, kitu kiligonga ngo! chini yangu. Na mvua ikinyesha, hata ya dakika kumi, maji yaliingia yakakaa kwenye kiti cha abiria kama yamelipa nauli.

Ni gari dogo la michezo, la viti viwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ningeweza kununua pikapu kama watu wenye akili. Lakini nilipokuwa kidato cha pili, natoka shule kwa miguu kupitia Kijenge, lilinipita gari jekundu lisilo na paa, dereva wake mzee mwenye kofia, mkono mmoja nje, anapiga mluzi. Nilisimama mpaka likapotea. Baadaye nilizunguka sana. Nilikaa Kahama, nikaendesha malori mpaka Tunduma, nikauza vitunguu Iringa, nikahamia Mtwara kwa sababu tu sikuwahi kukaa Mtwara. Kila mji niliofika, macho yangu yaliutafuta ule wekundu. Nilipofika miaka arobaini na tatu nikarudi Arusha, nikapanga chumba Ngarenaro, na hapo nikakuta gari linauzwa. Si lile, lakini ndugu yake. Lilikuwa la bluu. Nikasema rangi si dini, nikalichukua.

Siku hiyo hiyo nililipandisha Akheri kumwonyesha mama.

Mama ni mtu wa Machame aliyeolewa huku Meru, na tangu baba afariki anaishi na mdogo wangu wa kike katika shamba letu la kahawa na migomba. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Viti viwili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hili ni gari la mtu anayejiandaa kuondoka tena. Mtu wa kukaa hununua gari lenye nafasi ya watu. Wewe hukuzaliwa. Ulipita tu tumboni mwangu ukielekea kwingine."

Neno hilo lilinichoma. Nikamjibu jibu ambalo mtoto hampi mama yake: kwamba nyumba yenye maneno kama hayo hata mbwa anaihama. Nikawasha gari, nikateremka.

Zilipita wiki tatu sijapanda Akheri. Nilipopanda, jua lilikuwa kali, turubai nimelikunja. Nikamwamkia mama, akaitikia. Akanipa chai na ndizi za kuchemsha, tukazungumza habari za kahawa na kuku. Lile neno hatukuligusa, si yeye, si mimi. Nikiwa bado nakula alitoka nje, na dirishani nikamwona ameinama kwenye gari, anafuta vumbi kwa pindo la khanga. Nikafurahi. Nikajua amelikubali.

"Panda basi, mama, nikuzungushe mpaka Tengeru."

Aliniangalia usoni kwa muda, kama anayesubiri niendelee. "Leo hapana," akasema.

Safari iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha. Nikamfungulia mlango kwa heshima zote. Akabonyeza kiti kwa kidole, maji yakapanda.

"Mimi sikai kwenye beseni."

Na nilipokuwa nageuza gari akanipigia kelele: "Na hiyo ngo, ngo, kuna mtu umemfungia huko chini?"

Mwezi ukaisha hivyo. Nikanunua raba mpya za milango nikazibandika mwenyewe. Nikapaka gundi ya kuzuia maji kuzunguka kioo cha mbele mpaka gari likawa kama limeumwa na nyuki. Mvua ikaja, kiti kikalowa vilevile.

Ndipo mdogo wangu akapiga simu, siku ya Alhamisi. Jumapili ni sikukuu ya mavuno kanisani. Mama ametenga mkungu wake mkubwa, na amesema ataenda na bodaboda, mkungu mapajani.

"Kile kilima chenye utelezi?" nikamuuliza.

"Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa."

Kwetu, baada ya ibada ya mavuno, sadaka za shamba hunadiwa nje ya kanisa, na usharika mzima husimama pale. Kila mtu anaona nani kaleta nini na kaletwa na nani. Mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, angeonekana anashuka kwenye pikipiki wakati mwanawe ana gari. Lakini aibu haikuwa kubwa kuliko lile neno la mbwa, ambalo bado lilikuwa kati yetu. Nilitaka kitu kimoja tu: Jumapili mama akae kwenye kile kiti cha pili. Nilidhani akikaa tu, mengine yatajisahau.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa fundi, mitaa miwili kutoka kwangu. Ni mtu wa Kibosho, wa rika langu, na sifa yake ni kwamba hashiki spana kabla hajakuhoji.

"Tajiri wa viti viwili," akanisalimu. "Leo linaumwa wapi?"

Nikamweleza.

"Kelele zilianza lini?"

"Nilinunua nazo."

"Na maji?"

Nikafikiri. "Maji yalianza baadaye. Nadhani tangu niliporudi kutoka Akheri, siku moja ya jua."

"Kwa hiyo kelele ni za urithi, maji umeyatafuta mwenyewe." Akaingia ndani. "Endesha."

Tukashika barabara ya Moshi. Alifumba macho kama yuko kwenye maombi. Gari lilipoanza kuvuma akasema, "Toa gia." Nikatoa. Likaendelea kuvuma. "Injini haina kosa. Gia boksi haina kosa. Sasa yumba kidogo kushoto." Nikayumba, mvumo ukapanda. "Kulia." Ukanyamaza kabisa. Akafumbua macho. "Ukienda kushoto uzito unalalia kulia, ndipo linapolia. Beringi ya nyuma, kulia. Rudi."

Ile ngo aliipata kwa mtaimbo. Aliingia chini, akaiinua kidogo difu, ile boksi ya gia iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma, ikacheza kama jino la mtoto. Raba zinazoishikilia zilikuwa zimekwisha. Kufikia jioni alikuwa amebadilisha raba na beringi, na mimi nimepiga mluzi mpaka akaniomba ninyamaze.

Jumamosi ilikuwa zamu ya maji. Nilimwonyesha kazi yangu ya gundi. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, hii ni kazi ya mtu mwenye hasira."

Tulitoa kiti, tukakausha sakafu, akanyunyiza unga wa ngano kwenye kingo zote za ndani, mstari mweupe kila mahali. Nikafunika turubai. Akachukua jagi, akaanza kumwaga maji taratibu kuanzia chini kwenda juu. Mlangoni: unga ukabaki unga. Kioo cha mbele: unga. Akasogea nyuma, pale turubai linapoishia, akamwaga kidogo tu. Nyuma ya mahali pa kiti cha abiria unga ukawa uji.

"Maji ya paa yana mfereji wake hapa," akasema, "yanateremka kwenye tundu, yanatokea chini. Upande wako yanapita. Huu wa abiria umeziba. Unaegesha chini ya miti?"

"Migrevilea, nikiwa Akheri."

"Basi ni majani." Akaingiza waya, akapapasa, akachukua koleo ndogo, akavuta polepole.

Ni kweli lilikuwa jani. Refu, jembamba, limeanza kuwa jeusi kwenye ncha. Lakini lilikuwa limefungwa fundo katikati.

Fundi aliliweka juu ya kitambaa, akafuta mikono kwenye ovaroli, kisha akaishika mgongoni.

"Hili sikutupii," akasema. "Upepo haufungi fundo."

Lilikuwa sale. Mtu yeyote wa Kilimanjaro analijua, na mimi mtoto wa mama wa Machame nilikua naliona. Ukimkosea mtu ukashindwa kusema, unamfikishia jani la sale lililofungwa fundo, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Ila hupelekwa na mdogo kwa mkubwa. Mzazi hampelekei mtoto.

"Nani anakuomba msamaha?" fundi akauliza.

Nikakumbuka pindo la khanga likifuta vumbi. Turubai likiwa limekunjwa, pale nyuma ya kiti pana mwanya unaofanana kabisa na mfuko. Nikakumbuka alivyoniangalia, akisubiri.

"Mtu ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumwomba," nikasema.

"Basi unafanya nini hapa? Kiti nitakurudishia ndani ya nusu saa."

Lakini mvua ya jioni ilinizuia, na kusema kweli niliogopa. Nikapanda Jumapili asubuhi. Gari lilipanda kimya, nikasikia jogoo wa watu njia nzima. Kwenye mpaka wa shamba letu yameota masale. Nikasimama, nikakata jani moja bichi, nikalifunga fundo. Vidole vilikuwa vimesahau, nikarudia mara tatu.

Uani bodaboda alikuwa ameshafika. Mama amevaa kitenge kipya, mkungu chini miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniangalia ninavyoanguka?"

Nikapiga goti, nikamnyooshea masale yote mawili. "Hili la zamani ni lako. Nimelipata jana. Hili bichi ni langu, kwa lile neno."

Alitazama lile jeusi, akatazama gari. "Jana? Mwezi mzima nikasema huyu mtoto sasa amekuwa jiwe!"

"Lilikuwa kwenye bomba la maji, mama."

"Mimi nililiweka mfukoni."

"Ule si mfuko. Ndiyo maana kiti kililowa."

Mdogo wangu alianza yeye kucheka, mlangoni, mpaka akashika fremu. Mama alijizuia kidogo tu. "Kwa hiyo beseni nimelijaza mimi," akasema, akayapokea masale yote mawili akayachomeka kifuani.

"Bibi, ndiyo unanikimbia hivyo?" bodaboda akalalamika.

"Wewe mbebe huyu," mama akamwambia, akimwonyesha mdogo wangu. "Sisi tuko wawili, na viti ni viwili."

Mkungu haukuingia kwenye buti. Nikakunja turubai, mama akaketi, akabonyeza kiti kwanza kwa kidole, kisha akaupakata mkungu mpaka nikawa naona nusu ya barabara. Njiani akatega sikio.

"Mbona limenyamaza?"

"Limepona."

"Nilikuwa nimeanza kulizoea."

Mbele ya kanisa watu walikuwa wamejaa. Nilizima gari, nikazunguka kumfungulia mlango. Hakunyanyuka.

"Ngoja kwanza," akasema, akijiweka sawa nyuma ya mkungu wake. "Kwaya haijapita."