Misumari ya Stoo ya Baba

Kwenye ukuta wa stoo ya baba kuna misumari, na kila msumari una mchoro wake wa mkaa. Aliichora mwenyewe, akizungushia kila kifaa cha pikipiki kikiwa kimening'inia mahali pake: spana ya plagi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu, kishikio cha klachi alichojitengenezea kwa kuchomelea kipande cha nondo kwenye sahani kuukuu ya klachi. Chini kabisa kuna msumari wa pula. Pula ni kifaa kidogo cha chuma, kina meno na boliti moja nene katikati, na kazi yake duniani ni moja tu, kuing'oa magineti ya injini pale ilipojikaza. Ukitaka kuitumia kwa jambo jingine lolote utahangaika bure, kwa maana hata kuvunjia karanga haifai.

Nyumbani kwetu ni Ihanda, ndani ya kibanja cha migomba na kahawa. Pikipiki ya baba haikuwahi kuguswa na fundi. Aliihudumia mwenyewe kila Jumamosi, ili Jumapili akitoka ibadani aende Kyerwa kumwona dada yake. Mimi, binti yake, nilikuwa mpitisha vifaa. Sikuipenda kazi ile, kwa sababu baba hakuwa anasema anataka nini. Alinyoosha mkono tu macho yakiwa kwenye injini, na nikiweka kiganjani kisicho chenyewe, alikiacha kianguke chini bila hata kugeuka. Ndivyo nilivyojifunza. Mpaka leo nikiona mkono umenyooshwa mbele yangu nafikiria spana.

Majirani walikuwa wanakuja kuazima. Kwetu kumnyima mtu kifaa ambacho hukitumii ni aibu kubwa, nyumba nzima inasemwa. Baba hakumnyima mtu, ila alikuwa na utaratibu wake: ukichukua kifaa, unatundika kitu chako kwenye msumari kilipotoka. Hakuhitaji kitu cha thamani. Alihitaji kitu ambacho akikitazama anakuona wewe. Mkanda, kisu cha kupogolea migomba, mwavuli uliovunjika mbavu. Ulipokuja kurudisha ulichukua chako, mkatafuna punje chache za kahawa, mkaulizana habari za watoto, yakaisha. Hakuandika chochote mahali popote. Aliingia stoo asubuhi, akautazama ule ukuta, akajua nani ana nini, tangu Ihanda hadi Nyaishozi.

Kasoro ya utaratibu ule ni kwamba wote ulikaa ndani ya kichwa kimoja. Hatukuiona kasoro hiyo, na sidhani kama kuna ambaye angeiona, maana kichwa chenyewe kilikuwa kizuri.

Sasa baba amesahau. Daktari aliupa ugonjwa jina refu, lakini nyumbani tunasema hivyo tu, mzee amesahau. Alianza na majina ya wajukuu, tukacheka naye. Kisha akaanza kuuliza mama yuko wapi, mama aliyezikwa pale pale chini kibanjani, na kicheko kikatuishia. Ndugu zangu wako mbali na kazi zao. Mimi ndiye niliyebaki naye, kwa kuwa duka la pembejeo ninakouza liko karibu, na kwa kuwa kila familia huwa na mmoja ambaye wengine wote wanamwona ana nafasi.

Pikipiki iligoma kuwaka katika siku hizo hizo. Baba akaifungua ubavu wa kushoto kama alivyozoea, akafika kwenye magineti, akaenda stoo kuchukua pula. Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta na kofia mkononi, kofia ya viua, ukingo wake umeingia mafuta. Vifaa vingine vyote vilikuwepo. Kwenye msumari wa pula ndiko alikoitoa kofia ile.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza.

Nilidhani ananijaribu, kama alivyokuwa akinijaribu zamani kwa spana. Nikabahatisha jina la jirani mmoja. Akanitazama akisubiri nimwambie kama nimepata, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kuanzia siku ile hakutulia. Pikipiki ilipokuwa nzima, hata kama haendi nayo popote, alikuwa anaifuta vumbi, anaizunguka, anasema Kyerwa nitakwenda kesho, na hiyo kesho ilimtosha. Ilipolala uani imefunguliwa ubavu, akaamua kwenda kwa miguu. Alipita katikati ya migomba ili nisimwone, akatokea barabarani, akashika njia. Vijana wa bodaboda wakawa wananirudishia, mmoja baada ya mwingine, baba yangu amekaa nyuma amenyooka kama bibi harusi. Nilifunga geti, akapita kwenye ua wa michongoma. Nilimwomba jirani amwangalie nikiwa dukani, akamuaga jirani vizuri, akampa mkono, akaenda.

Halafu siku moja nikaitwa. Lori lililobeba ndizi lilikuwa limesimama kati ya barabara, alama za matairi zimechora vumbi, na baba amesimama mbele yake kabisa, anamwamkua dereva na kumuuliza kama anaelekea Kyerwa. Dereva alikuwa ameshuka, amekaa chini. Nilimshika baba mkono tukarudi, na njia nzima alikuwa ananisimulia juu ya dada yake.

Nikaelewa kwamba pikipiki ile isipofungwa ikawa nzima, nitamzika baba yangu kwa sababu ya lori. Ni maneno mazito lakini ndivyo nilivyojiambia, na sikuona njia nyingine.

Nilimleta fundi. Baba alimpokea kwa heshima zote, akampa kahawa ya kutafuna, kisha akakaa juu ya sanduku la vifaa na kukataa kuinuka. Fundi alichungulia injini akasema waya wa nyuma ya magineti umeungua, dawa ni kuing'oa, na kuing'oa bila pula ni kuipiga nyundo, na ukiipiga nyundo inapasuka. Na ya pikipiki ya zamani namna ile, akasema, ikipasuka basi. Nikaenda Kayanga, nikanunua pula mpya. Meno yake yalikataa. Nikanunua nyingine, nayo ikakataa. Muuzaji aliniuliza kama mwenye pikipiki hana ya kwake, nikatamani kumrushia zote mbili.

Ikabaki kofia.

Kanisani kwetu hakuna anayevaa kofia ya viua, kwa hiyo nikaona nianzie Nyaishozi, madukani, waliko Waislamu wengi. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda bodaboda na kofia ndani ya mkoba. Nilipita duka kwa duka nikiionyesha. Nilitaniwa vya kutosha. Mama mmoja muuza nyanya aliniuliza kama mwanaume mwenyewe alikimbia bila viatu pia. Mwingine akasema niivae mimi, inanipendeza. Nilicheka nao, kwa kuwa ukishikwa na jambo lisilo na msaada hata kucheka kunapumzisha.

Mwenye kofia alikuwa muuza vitambaa, mzee wa makamo, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na hakurudi. Nilipoitoa mkobani aliichukua. Aliigeuza, akaikung'uta, akaivaa. Kisha akainama chini ya meza yake ya kukatia vitambaa na kutoa pula, imeviringwa kwenye kipande cha kanga, imepakwa grisi isishike kutu.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilimuuliza, labda kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa nini hakuirudisha.

Akaniambia aliirudisha, na si mara moja. Alikwenda nyumbani mimi nikiwa kazini, akamkuta baba uani, akampa shikamoo, akamkabidhi kifaa chake. Baba alikishika, akakigeuza, akamwambia kwa upole kwamba si chake na hajawahi kuwa nacho. Alipoomba basi apewe kofia yake, baba akasema kofia ni ya rafiki yake wa Nyaishozi, hawezi kumpa mtu asiyemjua.

"Ningefanyaje, mwanangu?" akasema. "Mtu mzima amekana mali yake mbele yangu. Nimtupie miguuni? Na nije kwako wewe, mtoto wake, nikwambie baba yako amenifukuza?"

Aliniagizia chai nikanywa. Aliniuliza kama baba anakula, kama analala, nikasema anakula, analala. Nilipoondoka alinipa salamu nyingi za kumpelekea, na tulijua wote wawili kwamba hazitafika.

Njiani nilikasirika mpaka nikalia. Sikumkasirikia mzee wa vitambaa, wala sikumkasirikia baba. Nilikuwa tu na hasira isiyo na mwenyewe, nyuma ya bodaboda, na kijana aliyenibeba akajifanya hasikii.

Jumamosi niliamka mapema nikaitundika pula kwenye msumari wake. Nilitaka baba aikute pale. Nilikuwa na matumaini, nakiri. Nilifikiri ule ukuta ukikamilika, na yeye kitu fulani ndani yake kitakamilika. Nikaingia ndani kubadili nguo, nikavaa gauni la shambani na kujitupia mtandio wangu wa kijani, ule alioninunulia yeye nilipopata kipaimara. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo. Pula ilikuwa mapajani mwake, anaifuta kwa kitambaa, anachimba uchafu kwenye meno yake kwa kucha.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama kwa ule uchangamfu anaowapa wageni.

"Karibu, mama. Umetokea wapi?"

Nikasema nimetokea hapa hapa ndani. Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa utani asiouelewa. Akaniuliza kama pikipiki yangu imegoma. Nikasema imegoma. Akanipa pole, akainyoosha pula kwangu bila kusita hata kidogo, yeye aliyemkatalia mwenzake wa miaka yote, na mimi nikanyoosha mkono nikaipokea. Nilikuwa nimeshageuka kwenda uani aliponiita kwa neno letu la heshima.

"Waitu, hujatundika kitu."

Nikajipapasa. Gauni lile halina hata mfuko. Nikavua mtandio kichwani nikampa. Aliukunja vizuri, mara mbili, akainuka taratibu na kuutundika kwenye msumari wa chini, juu ya mchoro wa mkaa, akaunyoosha usije ukachanika.

"Pula ni ya binti yangu," akasema. "Akija kuitafuta nitamwonyesha huu mtandio. Yeye atamjua mwenyewe."

Niliing'oa magineti siku ile. Boliti iliponasa vizuri ilitoa mlio mmoja mkavu, magineti ikaachia, ikaja yote mkononi. Waya mpya fundi alikuwa ameniachia. Nilifunga kila kitu nilichojua kufunga, na baba alikuwa pembeni ananiangalia, ananisifu, ananiambia nina mkono mzuri na aliyenifundisha hakukosea. Pikipiki iliwaka jioni ile. Akaifuta vumbi, akaizunguka, akasema Kyerwa atakwenda kesho. Hajatoka tena barabarani.

Pula nilijaribu kuirudisha. Nilimkabidhi mkononi, akaikataa, akasema si yake, ni lazima mwenye mtandio aje mwenyewe. Kwa hiyo iko ndani ya kabati langu, na mtandio uko kwenye msumari. Kila Jumamosi ananionyesha ule mtandio na kuniuliza kama namfahamu mwenyewe.

Namwambia nitaulizauliza.