Kaa Sita kwa Mwalimu Kutoka Kilwa

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye anafanya kazi Tanga mahali wanapokodisha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja, alinitumia picha tatu kwenye simu. Alitaka kununua mtego wa kaa wa kwenda nao mikokoni siku zake za mapumziko. Wa kwanza ulikuwa kizimba cha chuma, kikubwa kama tundu la kuku. Wa pili ulikuwa wavu wa kukunja wenye matundu madogo mno. Wa tatu ulikuwa mdogo, wa kukaa katikati ya miguu ndani ya kayaki, wenye nafasi pembeni za kuwatoa kaa wachanga, na mlango wake ulifungwa kwa uzi wa pamba unaooza upesi. Nilimjibu chai yangu ikiwa bado ya moto: chukua wa tatu, na usiutege kama hujui utaurudia lini. Akanipigia huku anacheka. "Mama, wewe mtu wa milimani, kaa umewajulia wapi?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Acha nikusimulie wewe.

Nimekulia kwa bibi yangu, Mgeta juu, kule ambako mashamba ya njegere na kabichi yamening'inia kwenye miteremko mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje. Asubuhi tuliamka na ukungu hadi mlangoni. Kabla ya shule nilichota maji mtoni, nikawasha moto, nikala kiporo cha magimbi, kisha nikapanda kilima mbio huku vidole vya miguu vimekufa ganzi. Sauti ninayoikumbuka zaidi ni ya maji. Kila upande yalikuwa yanateremka, hata ukiwa kitandani uliyasikia.

Shule yetu haikukaa na walimu. Walipanda na mabegi yao, wakaona njia, wakaona baridi, na mmoja aliaga anakwenda Morogoro mjini kung'oa jino akawa amekwenda moja kwa moja. Mwaka nilipokuwa darasa la nne aliletwa mwalimu wa kike, msichana tu, kutoka Kilwa. Alifundisha amejifunga khanga mbili juu ya sweta, mikono ameificha kwapani. Hakutupiga wala hakutugombeza. Alifundisha, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Sisi watoto tulishaanza kuhesabu atakaa mpaka lini.

Siku moja, mwanzoni mwa masika, alikuwa anatufundisha wanyama wenye magamba. Akachora kaa ubaoni, magando yote, mpaka macho yake yaliyochomoza. Alimchora vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchora. Kisha akabaki amesimama na chaki, ametupa mgongo.

"Huyu kwetu tunamla karibu kila wiki," alisema. "Huku nimeshamsahau ladha."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mtoni kwetu wapo."

Akageuka. "Kaa? Huku juu?"

"Wapo, mwalimu. Nitakuletea."

Akacheka. Tulikuwa hatujawahi kuyaona meno yake.

Kaa wa mito yetu ni wadogo, wa kahawia, wanakaa chini ya mawe. Kwa mkono unampata mmoja, na yeye anakupata kidole. Mimi nilitaka ndoo nzima. Kwa hiyo jioni ile nilikwenda kwa jirani yetu, mzee aliyesuka matenga ya kubebea mboga. Alikuwa mjane, mpole, na kibarazani kwake palinuka mianzi mibichi.

"Shikamoo babu. Naomba mgono wa kaa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa nani?"

Nikamweleza. Akanitolea migono miwili, yaani mitego ya fito yenye mdomo wa kuingilia usiomruhusu aliyeingia kutoka. Mmoja ulikuwa kama chungu cha mboga, fito zake zimeachana upana wa kidole gumba. Mwingine ulikuwa mkubwa, unanifika kifuani, umesukwa kwa kubanana. Mtu wa bondeni aliuagiza kwa ajili ya samaki asirudi kuuchukua.

"Chukua huu mdogo," alisema. "Utaubeba mwenyewe, na utaurudia. Ule utakushinda."

Nilimsihi. Nilimwambia mwalimu anataka kuondoka, na kaa wawili watatu hawatamzuia mtu. Mzee akakuna kidevu, na huruma ikamponza. "Basi. Ila uutoe maji kila asubuhi. Umesikia?"

Nilisikia. Niliubeba kichwani hadi kwenye kidimbwi chini ya maporomoko, nikaweka ndani utumbo wa kuku na vichwa vya dagaa, nikaukandamiza kwa mawe. Bibi sikumwambia.

Usiku huo mvua ikaanza. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Mto ukajaa, njia ya kidimbwini ikamomonyoka, na bibi akatukataza kusogea huko. Nilikaa jikoni nikimenya njegere, nikijiambia kwamba kadiri unavyokaa ndivyo kaa wanavyozidi kuongezeka.

Walikuwa wameongezeka kweli. Siku ya nne, kabla ya shule, nilipouvuta hadi ukingoni harufu ilinipiga usoni. Walijazana hadi mdomoni. Wengi walikuwa wamekufa, na walio hai walikuwa wanawala waliokufa. Walikuwemo wadogo kama punje za maharage, ambao fito zile zilizobanana hazikuwapa pa kupenya. Juu yao wote alikuwa kaa jike, amekufa, na watoto wake bado wamejishikiza chini ya tumbo lake, wanacheza miguu.

Sikwenda kwa bibi. Sijui kwa nini, nilikwenda kwa mwalimu, nikagonga mlango wake huku nimelowa na ninalia, nikamweleza yote.

Alivua viatu, akapandisha khanga, akanifuata. Mtu wa pwani kwenye utelezi wa Mgeta! Alianguka mara mbili, mara ya pili akakaa kabisa kwenye matope, akainuka. Tulipofika alikata fito za mgono kwa kisu changu, tukawarudisha walio hai majini mmoja mmoja. Wale watoto wa yule jike aliwatenga kwa ncha ya kidole, akawaacha kwenye maji yaliyotulia.

"Baba yangu alipotezewa mtego na mawimbi," alisema bila kuniangalia. "Aliutafuta wiki nzima. Tukamwambia, baba si utengeneze mwingine? Akasema halilii mtego, analilia wanaoendelea kuingia."

Jioni tulikwenda wote wawili kwa babu msusi. Niliomba radhi. Yeye akasema kosa ni lake, mtoto hapewi kitu kwa sababu amelia. Mwalimu akauomba ule mgono mdogo, kisha akamwomba auweke mlango ubavuni na kuufunga kwa kamba ya mgomba, ili ukipotea kamba ioze na mlango ufunguke wenyewe. Mzee akalipenda wazo hilo hadi akasogeza kigoda.

"Na mwenyewe sijawahi kuonja kaa," alisema. "Kwenye ukoo wetu hatuli. Lakini kuwasukia sijakatazwa."

Jumamosi tulitega asubuhi, tukakaa pale pale tukisubiri, tukautoa jua lilipokuwa utosini. Tuliwarudisha majike na wadogo. Wakabaki sita.

Bibi aliwapika kwa nazi ambayo mwalimu alikuwa ameihifadhi tangu safari yake ya mwisho mjini. Tulikaa jikoni, moshi machoni, ugali katikati. Mwalimu akachukua gando dogo kama kifungo cha shati, akalifyonza, akafumba macho. Akacheka, kisha akalia. Bibi akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

"Bibi," mwalimu alisema baadaye, "nina barua ya kuomba uhamisho kwenye begi. Ina mwezi."

"Ongeza ugali, mwanangu," bibi akajibu.

Barua ile hakuipeleka. Alikaa mpaka nikamaliza darasa la saba, na kama leo naandika haya ni kwa sababu yake. Kisha akaolewa, akashuka. Babu msusi alifariki, na mboga zikahama kutoka kwenye matenga kwenda kwenye kreti za plastiki. Bibi naye alitutoka.

Pasaka hii nilipanda nyumbani, nikateremka hadi kidimbwini. Maji yote yameingizwa kwenye mipira ya kumwagilia, imetambaa miteremkoni kama mizizi. Kilichobaki ni utepe wa maji, na makopo matupu ya dawa ya wadudu kando yake. Nilivua viatu nikageuza jiwe, nikageuza la pili, nikageuza yote niliyoweza. Hapakuwa na kitu.

Dada mmoja aliyekuwa anapalilia kabichi hapo juu akaniona. "Dada, umepoteza nini?"

Alikuwa kijana, na nililitazama shamba lake zuri, na mtoto mgongoni mwake. Nikashindwa kumwambia natafuta kaa; nikamwambia nimepoteza hereni.

"Pole," alisema. Akaliweka jembe chini, akateremka, akapandisha khanga yake, akaanza kugeuza mawe pamoja nami.