Kundi la Wageni

Leo Jumamosi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Njombe, nimegundua kwamba kwetu mimi ni mgeni.

Ukoo wetu una shamba la miti. Upendo, binti wa kaka yangu aliyeko Makambako, analiendesha kwa programu ya simu ya kupanga kazi, na kila mtu amewekwa kwenye kundi lake.

Mimi naona kila kitu. Naona picha za ukungu uliolala juu ya misindano, nazitazama mpaka chai inapoa.

Lakini kuandika siwezi. Kundi langu linaitwa Wageni.

Nikampigia Upendo.

"Kamwene, baba mdogo!"

"Kamwene. Mimi mgeni tangu lini?"

Akacheka. "Kundi la Nyumbani ni la wanaotumwa kazi, baba. Nikuhamishe?"

"Nihamishe!"

Mara simu ikalia kwa ujumbe wa programu. Nimepangiwa kipande cha kufyeka kwenye njia ya kuzuia moto, upande wa bondeni, kabla kiangazi hakijakaza.

Shemeji yangu akaandika mbele ya wote: "Karibu mzee! Panga lako tumeshalinoa."

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha.

Kila mtu hufyeka kipande chake. Kimoja kikiachwa, moto hupita hapo hapo, na miti ya wote huteketea.

Ninyi mlio mbali, mngefanyaje?

Nimempigia tena. "Kile kipande mpe mwingine. Mimi nirudishe kwa wageni."

Akauliza: "Kabisa, baba mdogo?"

"Kabisa, mwanangu. Sitarudi."