Ubao wa Seremala

Sisi wavulana watano tulikuwa rika moja, huko milimani Mbeya. Tulijijengea vibanda pembeni mwa kijiji na kula chungu kimoja, kama desturi yetu ilivyotaka. Tulipomaliza darasa la nane, enzi hizo za mkoloni, mwalimu mkuu alitugawia karatasi, kila mmoja aandike anataka kusomea nini. Tulikuwa tumekubaliana wote tuandike useremala, ili tusitengane. Wenzangu wakaandika hivyo. Mimi nikafunika karatasi yangu kwa mkono, nikaandika ualimu.

Aliyestahili ualimu alikuwa mmoja wa wale wanne. Hesabu zangu nyingi nilizinakili kwake. Lakini nafasi ilikuwa moja, na yeye alikuwa ameandika useremala kama tulivyokubaliana; nikaipata mimi, nikaenda chuo Iringa bila hata kuaga.

Nilipoanza kufundisha, shule yetu iliagiza ubao mpya. Aliyeuleta, ameubeba kichwani, kaupiga randa mwenyewe, alikuwa yeye niliyekuwa nikinakili hesabu zake. Nilitamani anitukane. Akautua, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mwalimu.”

Watu wa rika moja hawaamkiani shikamoo, hata wazeeke vipi. Na mimi, mpumbavu, nikaitikia: “Marahaba.”