Nilichokitoa kwenye Gari la Mama Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Nilitoka kwetu Kaloleni kwa miguu, nywele nimezichana, viatu vinang'aa, kwa sababu baba, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, alikuwa amenisemea kwenye karakana ya malori ng'ambo ya pili ya reli, na mimi nikadhani kazi ya kusemewa na baba ni kazi ya kukaa kitini. Fomeni, msimamizi wa karakana, akanitazama juu mpaka chini. "Umealikwa harusi?" akauliza. Kufikia saa sita shati lilikuwa tambara la jikoni. Mama alilichemsha mara mbili, akakata tamaa, akalifanya la kupangusia meza.

Huyo Fomeni ndiye mwalimu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu. Mtu mfupi, sauti nene, hakuwahi kuandika neno hata moja. Injini aliijua kwa masikio. Angesimama kando ya lori, macho ameyafumba, halafu akuambie silinda gani imechoka, na ukifungua unakuta ni ile ile. Nilimwogopa na nilimpenda. Tatizo langu lilikuwa maswali. Nilikuwa mtu wa kuuliza mno, na yeye hakupenda kuulizwa.

Wiki hiyo ya kwanza lilivutwa ndani lori lililokuwa limechemsha, mvuke unatoka kila upande. Fomeni alifungua bolti mbili, akatoa kidude kidogo cha kutosha kiganjani, akanionyesha. Hiyo ndiyo thamostati. Kwa nyinyi vijana mliozoea kuchomeka kompyuta kwenye gari na kusubiri iwaambie ugonjwa, nieleze kidogo. Injini hupozwa na maji yanayozunguka. Thamostati hukaa kwenye njia ya maji hayo kama bawabu mlangoni. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango unabaki umefungwa ili ipate moto upesi. Ikishapata moto, nta inavimba, mlango unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa.

"Hii wazungu waliweka kwa ajili ya baridi ya kwao," Fomeni akasema. "Nairobi hakuna theluji. Lori likichemsha, toa hii kwanza." Akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Nikamuuliza, "Sasa kama haina kazi, mbona wanazidi kuiweka hata kwenye malori ya kuja huku?"

"Ukifika kwao uwaulize," akanijibu. Karakana nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Lori likawashwa, likaenda zake, na halikurudi. Tangu siku hiyo nikapunguza maswali.

Baada ya miaka mingi karakana ile ilifungwa, nikapata kazi kwenye gereji moja Huruma, uwanja mdogo uliobanwa na maghorofa, nguo za watu zinakudondokea maji kichwani ukiwa chini ya gari. Mwenye Gereji hakuwa fundi kamwe. Alikuwa mfanyabiashara, tena mjanja. Yeye alinifundisha desturi moja ambayo mafundi wengi wa Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi, wanaifuata hadi leo: mteja asiondoke mikono mitupu. Kila ulichotoa kwenye gari lake, mfungie kwenye gazeti, mpe.

"Mteja haelewi injini," alikuwa akisema. "Anaelewa kitu alichoshika. Mpe adui yake amwone kwa macho."

Basi nikawa natoa thamostati na kuzigawa kama peremende. Teksi, pikapu za mboga, magari ya walimu, sikubagua. Nilimshikisha mtu mkononi nikamwambia, "Huyu ndiye alikuwa anakusumbua," naye akashukuru kwa moyo mmoja. Nilijiona bingwa. Vijana wa Huruma wakinipita walikuwa wakisema, "Niaje, Dokta," nami nikiitika bila haya.

Mwishowe nikafungua uwanja wangu mwenyewe Komarock, mabati manne na benchi la wateja, kando ya Kangundo Road. Hapo ndipo aliponijia Mama Mwende.

Mama Mwende alikuwa karani wa shule, amestaafu, mtu wa kunyoosha maneno. Nyuma ya nyumba yake alifuga kuku wa mayai. Kwa kiinua mgongo chake alinunua gari dogo la kijivu lililokwisha tumika Japani, na alilinunua kwa kazi moja tu. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Susu kama Wakamba wanavyomwita nyanya, aliishi milimani huko mbele ya Kangundo. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Nyonga yake ilikuwa mbovu, hawezi kupanda basi wala kukunjwa kwenye kiti cha mbele cha gari la mtu. Hospitali mjini ilikuwa imempa tarehe ya upasuaji. Ilibaki afikishwe tu.

"Fundi Athumani," Mama Mwende akaniambia, "nataka hii gari ipande ule mlima, imchukue mamangu, imlete. Mengine sitaki."

Gari lilikuwa zima. Nilibadilisha oili, nikakaza hapa na pale. Halafu, kwa kumwonea huruma, na bila kuombwa, nikatoa thamostati. Nikamwonyesha sahani yake ya juu, ule mlango wa maji, nikamfungia kwenye gazeti. "Hii ingekuchemshia huko mlimani," nikamwambia. Akanishukuru.

Siku ya tarehe alitoka asubuhi na mapema. Katikati ya mlima gari likachemsha. Alikaa kando ya barabara akisubiri lipoe, akajaribu tena, likachemsha tena. Alipofika kwa Susu ilikuwa mchana, na hospitali zamu imeisha.

Nikamwambia ni rejeta. Tukaweka nyingine. Nikalijaribu mwenyewe hadi Ruai na kurudi, njia tambarare, mshale wa joto umelala chini kabisa, nikaridhika. Hospitali wakampa tarehe ya pili. Gari likachemsha mlima ule ule.

Nikamwambia ni pampu ya maji, na pengine gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayozuia maji na oili visikutane. Tukafungua injini, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapelekwa kwenye mashine kulainishwa uso, pampu mpya, gasketi mpya. Ili kulipia, Mama Mwende aliuza kuku wote. Nilipita kwake nikaona banda wazi, mlango unapigapiga, nikajifanya sikuliona. Alipolipandisha kujaribu tu, likachemsha.

Hapo nikakasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, watu wa Komarock wanajua. Nililitukana lile gari, nikawatukana waliolitengeneza, kisha nikamgeukia mwenyewe.

"Wewe, Mama Mwende, unapanda mlima na gia kubwa."

"Nimepanda na gia ya kwanza, fundi," akasema. "Akina mama wenye mitungi walinipita."

Akanieleza kwamba hospitali imempa tarehe ya tatu, Alhamisi ya wiki inayofuata, na kwamba Susu akikosa tena jina lake linarudi mwisho wa foleni, mwaka mwingine. Susu sasa alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa jikoni yake mwenyewe.

Jumatatu alirudi na kiondo. Hakukaa kwenye benchi la wateja. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu ya spana, akamwaga kila nilichowahi kumfungia kwenye gazeti. "Hizi zote nimezilipia," akasema. "Sasa nieleze moja moja. Kila moja ilikuwa na ubaya gani?"

Nikashika pampu ya zamani. Nikaizungusha, ikazunguka laini, haina mchezo wala kulegea. Nikashika gasketi, nikaitazama pande zote kutafuta alama ya kuungua. Hakuna. Akaokota thamostati.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya baridi ya Ulaya."

"Gari imetoka Japani," akasema. Akaigeuza mkononi kama anayekagua fomu iliyoachwa nafasi. "Hii sahani ya juu uliniambia ndiyo mlango. Na hii nyingine ya chini, ni ya nini?"

Wallahi, nilikuwa nimetoa thamostati nisizoweza kuhesabu, nyingi kati yake zikiwa na hiyo sahani ya chini, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza ni ya nini.

"Sijui," nikasema.

Akachukua kiondo chake, akaiacha thamostati mezani. Alipoondoka nilifunga lango ingawa jua lilikuwa bado juu. Lile swali lilinikera, na ajabu ni kwamba lilinifurahisha pia. Nilijihisi mvulana tena, kama yule wa shati jeupe.

Nilifungua pale thamostati inapokaa, nikamulika kwa tochi. Chini kabisa palikuwa na tundu. Nikashusha thamostati, nikasukuma sahani ya chini kwa kidole, ikakaa juu ya tundu sawasawa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nikawasha jiko la makaa, nikateleka maji, nikaining'iniza ndani kwa waya. Nikachutama hapo kuangalia. Maji yalipokaribia kuchemka, sahani ya juu ilianza kufunguka, polepole, na ile ya chini ikashuka nayo. Nikaitoa ikapoa, zikarudi. Nikaitia tena. Nilirudia mara nne, sikuchoka.

Kumbe ni milango miwili kwenye kijiti kimoja. Wa juu ukifungua njia ya rejeta, wa chini unafunga njia ya uchochoroni, ile inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa thamostati, uchochoro unabaki wazi daima. Kwenye tambarare injini haina moto mwingi, maji machache yanayofika kwenye rejeta yanatosha, na mshale unalala. Mlimani hayatoshi. Maji ya moto yanazunguka mle mle mpaka yachemke. Malori ya Fomeni yalikuwa na thamostati za sahani moja, ndiyo maana kutoa hakukuyadhuru siku ile. Fomeni hakunidanganya. Mimi ndiye niliyebeba maneno yake umri wangu wote bila kuchungulia ndani ya tundu.

Aibu iliyonipata siwezi kuieleza. Na nitasema ukweli: kwanza niliwaza kuirudisha kimya kimya, nimwambie rejeta mpya ilihitaji kuzoea. Angeniamini, kwani ningemtajia maneno matatu ya kifundi tu. Nikairudisha, nikafunga bolti, nikamwambia Alhamisi nitakwenda naye.

Tulitoka kunapambazuka. Mama Mwende alipoanza kupanda mlima sote wawili tulikuwa tunatazama mshale, si barabara. Ulipanda hadi katikati, ukasimama. Tukapita pale alipozoea kuegesha. Tukapita kona ya juu. Tulipofika kileleni mshale ulikuwa pale pale, na Mama Mwende akasimamisha gari kando, akashika usukani kwa mikono miwili, akalia.

"Ulifanya nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu gazeti la kwanza.

"Kwa hivyo hedi haikuwa na kitu."

"Haikuwa."

"Na rejeta, na pampu."

"Vilikuwa vizima vyote. Mimi ndiye niliyeliharibu."

Nilitaka anitukane. Badala yake akauliza, "Na magari mengine uliyotoa ni mangapi?"

Akatia gia, tukaenda kumchukua Susu. Tulimlaza kiti cha nyuma na mito miwili, na tukafika hospitali kabla ya saa nne.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji likapona vizuri. La kushoto, daktari alisema, mtoto wa jicho alikuwa amekomaa mno hata akaleta shinikizo ndani, na mshipa umekufa. Tukamuuliza lini. Akasema ni vigumu kujua, ila miezi michache nyuma huenda lingeokolewa. Tarehe ya kwanza ilikuwa miezi mitano nyuma. Mama Mwende hakuniangalia, na sikuhitaji aniangalie.

Nilikwenda mwenyewe kule milimani kumwomba Susu msamaha. Alinisikiliza, akaniambia amesamehe, akaniuliza kama nimekula. Nilipokuwa nakula nilimwona akigeuza kichwa kizima kutafuta kikombe kilichokuwa upande wake wa kushoto. Niliumia, na bado naumia.

Mama Mwende nilimpelekea vifaranga kwenye boksi, na kwa gari lake sikumtoza tena. Halafu nikaanza kuyatafuta yale mengine. Nilirudi Huruma, nikauliza mtu kwa mtu. Baadhi ya magari yalikwisha kuwa vyuma chakavu. Baadhi ya wenyewe walinicheka, wakasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Waliokubali niliwawekea thamostati bure, nikiwaambia ni kwa nini. Hesabu kamili ya alichoniuliza Mama Mwende sitaipata.

Sasa magoti hayakubali tena kulala chini ya gari. Nyinyi mnaoanza leo mna mashine za kusoma magonjwa, na mafomeni wenu wamesoma kuliko wetu. Nawaonea wivu, na bado nina hamu ya kujua zile mashine zinaona nini. Ila najua hata leo kuna kijana anayeambiwa toa hiki, hakina kazi, naye anacheka pamoja na wenzake.

Gari la mwisho kuingia uwanjani kwangu kabla sijaukabidhi lilikuwa lile la kijivu. Mama Mwende alishazoea kusimama karibu nami boneti ikiwa wazi, akiuliza kila kitu, nami nikijibu ninachojua. Siku hiyo palikuwa na kidude cheusi chenye nyaya mbili, kimejificha nyuma ya injini, nami nilikuwa nimeshakigusa kwa ncha ya spana.

"Hicho ni cha nini?" akauliza.

Nikainama, nikakitazama vizuri. "Sijui, Mama Mwende."

"Basi usikitoe," akasema.

Nikaweka spana chini, nikafunga boneti.